Kulazimika si Kulazimishwa: Juu ya Kupima Shuruti na Hatari za Kuhama

Mwaka 2020 Gerald Echterhoff wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, pamoja na wenzake, walitoa katika jarida la Perspectives on Psychological Science nadharia juu ya mambo ya nafsi yanayomwezesha au kumzuia mkimbizi kukaa vema pamoja na wenyeji wa nchi aliyoingia. Kiini cha nadharia hiyo ni dai moja, jepesi kusemwa na zito kupimwa: kwamba kwa upande wa nafsi, limtengalo mkimbizi na mhamiaji mwingine si hati aliyopewa wala mpaka aliovuka, bali ni jinsi mwenyewe aonavyo kuwa aliondoka kwa shuruti, na jinsi aonavyo hatari zilizofuatana na kuondoka huko. Kutokana na dai hilo huzaliwa kazi ya pili, nayo ni kupima: mtu huwekewa maneno mbele yake, akakubali au akakataa kwa daraja, na madaraja yakajumlishwa yakawa tarakimu. Kazi hiyo ya pili ndiyo iwapasayo watu wa lugha, maana kipimo cha namna hii hakina mizani wala futi. Chombo chake chote ni sentensi.

Kwanza yafaa kazi hiyo ipewe haki yake. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 humtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la jamii au maoni ya siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza uvamizi wa kigeni na machafuko yavurugayo amani ya nchi. Mikataba yote miwili hutaka jibu la ndiyo au siyo. Wataalamu waliona mapema kuwa mambo hayakatiki hivyo. Egon Kunz, mwaka 1973, aliwatenga wale waondokao mapema, wakiwa wamejiandaa kabla hali haijaharibika, na wale watokao ghafula bila kujua watafikia wapi. Na Anthony Richmond, katika miaka ya 1980, akashika kwamba baina ya hiari na shuruti hakuna ukuta bali mteremko. Lakini katika kazi zao mtaalamu ndiye aliyesimama pembeni akampanga mhamaji mahali pake. Hata karatasi za waganga, kama ile ya Harvard ya mwaka 1992 iliyoenezwa na Richard Mollica na wenzake, huhesabu mambo yaliyompata mtu: njaa, kifungo, kuuawa kwa jamaa. Kumwuliza mwenyewe kama alijiona ana la kuchagua ni jambo la adabu, tena ni jambo la elimu, na aliyelianzisha hastahili lawama kwa kuwa lugha ya tatu au ya nne ilipolipokea lilimponyoka.

Kiswahili ni moja ya lugha hizo, wala si lugha ya kando katika jambo hili. Ndicho kisemwacho na Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Ndicho Warundi walioingia Tanzania kuanzia mwaka 2015 walichokutana nacho katika ofisi, sokoni na hospitalini. Ndicho husikika Kakuma nchini Kenya, na katika miji ya Marekani ambako maelfu ya watu wa Kivu wamepewa makazi mapya. Mtafiti atakaye kulinganisha nafsi za watu hawa na za Washami waliofika Ujerumani mwaka 2015 sharti apitie Kiswahili, na mlango wa kwanza atakaoupitia ni tafsiri.

Njia iliyozoeleka ya kuhakikisha tafsiri ni ile iliyotetewa na Richard Brislin mwaka 1970: mfasiri mmoja hupeleka maneno katika lugha ngeni, na wa pili, asiyeyaona maneno ya asili, huyarudisha, yakirudi kama yalivyotoka, kazi imekubaliwa. Njia hiyo imeokoa makosa mengi, walakini ina upofu wake. Ichukuliwe sentensi ya mfano, isiyotoka katika karatasi ya mtu yeyote: "Nililazimishwa kuiacha nchi yangu." Mfasiri wa pili ataipeleka Kiingereza na kupata lile neno moja lililoanza safari. Mwenzake aliyeandika "Nililazimika kuiacha nchi yangu" naye atapata neno lile lile. Wa tatu, aliyeandika "Ilinibidi kuiacha nchi yangu", hatapata jingine. Sentensi tatu zimetoka nyumbani zikiwa na nguo mbalimbali, zikarudi zimevaa kanzu moja, na mlinzi wa mlango akazipitisha zote.

Tofauti yao haihitaji kuelezwa kirefu kwa wasomaji wa jarida hili, lakini yafaa ikumbushwe kwa sababu ya matokeo yake. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kwamba kauli ya kutendeka hutaja hali bila kumtazama mtenda. Kikombe kimevunjika, aliyekivunja hayumo katika sentensi, wala haulizwi. Kauli ya kutendwa haiko hivyo. Kikombe kimevunjwa: mtenda yupo hata asipotajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Katika kitenzi kulazimisha jambo huzidi, kwa kuwa ndani yake mna kauli ya kutendesha, alazimishaye ni mwenye nia, mwenye sauti, mara nyingi mwenye silaha au cheo. "Nililazimishwa" ni sentensi yenye watu wawili. "Nililazimika" ina mmoja tu na hali iliyomzunguka. "Ilinibidi" na "ilinilazimu" humwondoa hata huyo mmoja katika nafasi ya kiima, na kuweka mahali pake kile kiambishi kisichotaja kitu, ambacho Waswahili hukitumia wasemapo juu ya mambo yaliyowashinda watu wote.

Basi na afikiriwe mtu wa pande za Fizi, katika Kivu ya Kusini, aliyesikia milio ya bunduki usiku ikitoka kijiji cha pili. Akawaamsha watoto, akachukua sufuria na blanketi, akateremka ziwani, akatafuta mtumbwi. Hakuna askari aliyefika mlangoni pake. Mtu huyu akiulizwa, "Je, ulilazimishwa kuondoka?" aweza kujibu kwa ukweli mtupu: "Hapana. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikimbia mwenyewe." Katika kinywa chake neno mwenyewe halina maana ya hiari; lina sifa ya baba aliyeamka mapema, ambaye wanawe wako hai kwa sababu hiyo. Lakini mwandishi wa majibu atatia alama katika daraja la chini kabisa. Jirani yake aliyechelewa, akavunjiwa mlango na kuamriwa kutoka, atapata daraja la juu. Tarakimu zitasema kwamba watu hawa wawili hutofautiana sana katika kuona shuruti. Huenda hawatofautiani hata kidogo. Kilichotofautiana ni kama palikuwa na mtu wa kujaza nafasi baada ya "na".

Pana tatizo jingine, nalo ni la historia. Maneno hukaa mahali, na mahali huyatia rangi. Katika kambi za magharibi mwa Tanzania kulazimishwa si neno la siku ya kuondoka nyumbani peke yake. Mwezi wa Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walitangaziwa kwamba hawana budi kurejea kwao kabla ya mwaka kwisha, na askari wakawazuia waliojaribu kuingia ndani zaidi ya nchi. Tangu hapo, kila ielezwapo habari ya kurudishwa, swali linalofuata ni kama watu wanarudi kwa hiari au wanalazimishwa. Mtu aliyeishi katika mazungumzo hayo, akisikia kitenzi hicho kikitoka kwa mgeni mwenye karatasi, aweza kudhani anaulizwa juu ya kurudi wala si juu ya kutoka. Na kwa Mtanzania wa makamo kuhamishwa nako kuna kumbukumbu yake: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Mkalimani aliyezaliwa Kasulu na mkimbizi aliyezaliwa Baraka waweza kutumia kitenzi kimoja huku kila mmoja akiona picha yake.

Hapa mtu aweza kusema kwamba yote haya ni udhaifu wa mfasiri, au ni upekee wa Kiswahili, na kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Jibu limo katika Kiarabu, ambacho ndicho lugha ya wengi wa wale walioingia Ujerumani mwaka 2015. Kiarabu humtenga aliyeshurutishwa na mtu, mujbar, na aliyebanwa na hali, mudtarr. Neno hili la pili ni la shina moja na dharura yetu ya Kiswahili, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamezitenga hukumu za mambo hayo mawili kwa karne nyingi. Mwenye dharura na mwenye kushikiwa upanga hawakuwekwa katika mlango mmoja wa kitabu. Hata Kijerumani chenyewe, ijapokuwa hutumia neno moja kwa wote wawili, humtofautisha mtu aliyejiona hana njia na mtu aliyetendwa na mwingine kwa kubadili kitenzi kisaidizi. Basi si Kiswahili kilichoharibu dhana iliyokuwa moja. Dhana ilikuwa mbili tangu mwanzo, zikafichwa na neno pana la Kiingereza, na Kiswahili, kwa kukataa kusema bila kuchagua kauli, kimezifichua.

Liko pia jambo la madaraja. Tangu Rensis Likert alipoeneza mtindo wake mwaka 1932, watafiti hudhani kwamba kila jambo la nafsi laweza kukatwa vipande vitano au saba vilivyo sawa. Katika Kiswahili, uchungu hukubali kukatwa hivyo, na furaha pia. Lazima haikubali kwa urahisi. "Lazima kidogo" ni maneno ya mzaha. Jambo ni lazima au si lazima. Mtu akiombwa aseme alilazimika kwa kiasi gani, baina ya "hata kidogo" na "sana mno", atasimama kwanza, kisha atachagua ncha moja ya mstari ili aondoke katika swali. Mtafiti akiona majibu yamerundikana nchani, atasema watu hawa wana hisia kali, au hawakuelewa. Wameelewa vizuri kuliko swali lilivyoelewa lugha yao.

Si kwamba Waswahili hawana daraja za hiari na shuruti. Wanazo, tena ni tajiri. Mtu huondoka kwa moyo mkunjufu. Huondoka kwa shingo upande. Huondoka kwa kukosa budi. Huondoka kwa nguvu. Semi hizo zaweza kupangwa kama ngazi, na mzee yeyote wa Unguja au wa Ujiji atazipanga bila kufundishwa. Lakini zikitazamwa kwa karibu, si ngazi ya mti mmoja. Shingo upande ni habari ya moyo wa mwenye kuondoka: alikwenda, ila hakuridhia. Nguvu ni habari ya mkono wa mwingine. Kukosa budi ni habari ya njia zilizofungwa. Mtu aweza kuondoka kwa kukosa budi wala asiwe na shingo upande, kwa kuwa alikwisha ichukia nchi iliyomla nduguze. Kipimo kitakachotumia semi hizi kitapata majibu yenye uhai, lakini sharti kiziache ziwe mambo matatu.

Vivyo hivyo maneno ya upande wa hiari. Mtungaji wa maswali hupenda kugeuza baadhi ya sentensi, ili amjue mjibuji akubaliye kila kitu. Akitaka kinyume cha shuruti huenda ataandika, "Niliamua mwenyewe kuondoka." Sentensi hiyo itakubaliwa na wengi wa wakimbizi, na waliobanwa kabisa ndio watakaoikubali kwa sauti kubwa, kwa maana katika saa ile ya hatari palikuwa na kukata shauri, na aliyekata shauri hataki anyang'anywe sifa hiyo. Kuchagua ndiko kungefaa zaidi, kwa kuwa hakuna kuchagua pasipo na vitu viwili. Anayechagua mchele ana punje na ana mawe. Tena yafaa kukumbuka kwamba katika nyumba nyingi mwenye kukata shauri ni mmoja. Mwanamke akijibu, "Nilimfuata mume wangu," jibu hilo halimo katika daraja lolote la karatasi, nalo ni jibu kamili.

Zaidi ya kitenzi cha shuruti lipo neno lililobeba dai zima la nadharia, yaani kuona. Nguvu ya kipimo hiki ni kuwa hutafuta jinsi mtu alivyoona mambo, si jinsi mambo yalivyokuwa. Lakini Kiswahili hutumia kuona kwa kupatwa. Mtu huona njaa, huona kiu, huona uchungu, huona taabu; na asemapo "Niliona taabu njiani" hatoi maoni, anatoa habari. "Uliona hatari kiasi gani?" humwuliza ni hatari ngapi zilimkuta. Kwa swali hilo mtafiti aliyekimbia hesabu ya mambo yaliyompata mtu amerudi pale pale alipokimbia. Akikwepa kwa kusema kuhisi, atakutana na maana nyingine: ahisiye hatari ni yule aliyeinusa kabla haijafika, kama mbwa anusavyo chui. Kuhofu ni karibu zaidi, lakini hupima moyo wakati ule tu. Pengine umbo lifaalo ni lile la kujirejea: "Nilijiona sina njia nyingine", "Nilijiona niko hatarini". Katika kujiona mtu hujitazama kama amtazamavyo mwingine, na hilo ndilo hasa lililotakiwa.

Juu ya hatari zenyewe pana jambo la adabu ya lugha, nalo ni kubwa kuliko liwezavyo kudhaniwa na mgeni. Mtu akiulizwa habari za safari, jibu la kwanza ni njema au salama. Hujibiwa hivyo na aliyefiwa. Hujibiwa hivyo na aliyepinduliwa na mtumbwi. Ndipo baadaye huja "ila", na nyuma ya ila ndiko kuliko na habari. Karatasi ya maswali haina nafasi ya ila. Ikianza kwa kuuliza safari ilikuwaje, itapewa salama yake na kuiandika kuwa ni kutokuwapo kwa hatari. Tena salama katika maneno ya msafiri hutazama mwisho: amefika, yu hai, basi alisafiri salama, hata kama usiku kucha alikuwa akiyachota maji chomboni. Hatari ambayo haikumdhuru mtu, katika masimulizi mengi ya Kiswahili, ni neema ya kushukuriwa kuliko hatari ya kuhesabiwa. Msimulizi ataitaja kwa kumshukuru Mungu, na mtafiti asiyejua ataandika kwamba jambo hilo ni la dini.

Na hiyo safari inaishia wapi? Mwezi wa Mei 1985 au wa mwaka mwingine wowote swali hili lingeonekana la kupoteza wakati. Mwezi wa Mei 2015 halikuwa hivyo. Warundi kwa makumi ya maelfu walivuka wakafika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chenye mlima nyuma yake na maji mbele yake. Walikuwa wamekwisha vuka mpaka. Kwa sheria walikuwa wamefika. Hapo ndipo kipindupindu kilipowaingia, na watu wakafa wakingoja chombo. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikisimama mbali na ufuko na watu wakipelekwa kwa mashua, kisha ikawachukua hadi Kigoma. Mtu aliyepita Kagunga, akiulizwa hatari za safari, atahesabu siku zile? Akiulizwa hatari za kuikimbia nchi yake, ataziacha? Kirundi humpa kitenzi guhunga, kukimbia, na jina impunzi, mkimbizi. Akijibu kwa Kiswahili huenda anafikiri kwa hayo, na kukimbia kwake hakukwisha alipokanyaga mchanga wa Tanzania. Kosa la karatasi hapa si la tafsiri tu. Mpaka wa nchi umechukuliwa kuwa mpaka wa hofu.

Kipimo huelekea pia kuzitaja shuruti na hatari pamoja, kana kwamba ya pili ni mtoto wa ya kwanza. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini Afrika Mashariki ina mifano iliyo wazi ya kuachana kwao. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Hakuna shuruti iliyo dhahiri kuliko hiyo: mtenda ana jina, ana cheo, na amri yake imetangazwa redioni. Kitenzi chake kwa Kiswahili ni kufukuzwa, na hakina shaka yoyote. Wengi waliondoka kwa ndege. Waliporwa na kudhalilishwa njiani kwenda Entebbe, lakini hatari yao haikuwa ya jangwa wala ya bahari. Upande wa pili wapo vijana wa Kisomali wachukuao njia waiitayo tahriib, kupitia Sudani na Libya hadi Bahari ya Kati. Wengi huondoka bila kuwaaga wazazi, ambao wangaliwazuia. Hatari yao haina kifani. Na wakiulizwa nani aliwalazimisha, watacheka. Mwenye kujumlisha shuruti na hatari katika tarakimu moja atawaweka hawa na wale Waasia wa 1972 katika daraja moja la katikati, na daraja hilo halitakuwa na mtu hata mmoja ndani yake.

Pamoja na hayo, kila kitenzi cha kuondoka kimekwisha toa hukumu kabla swali la shuruti halijaulizwa. Mhamiaji ameitwa kwa kule anakohamia. Mkimbizi ameitwa kwa kukimbia kwake. Kukimbilia kuna uso mbili: amkimbiliaye mlinzi anatafuta usalama, na akimbiliaye mali anaitamani, "walikimbilia Ulaya" yaweza kusemwa kwa huruma au kwa kejeli, na kitenzi hakitabadilika. Mfano mzito zaidi ni wa Waswahili wenyewe. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi walitoka Unguja na Pemba, wakaenda Mombasa, Dubai, Maskati na Uingereza. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alipotawala Oman, wenye asili ya huko waliokuwa Afrika Mashariki walikaribishwa, na wengi wakaenda, na kwa ajili yao Kiswahili husikika Maskati. Kwenda huko kuliitwa kurudi. Wamo miongoni mwao waliozaliwa Unguja, na baba zao walizaliwa Unguja, wala hawakuwahi kuiona Oman. Mtu mmoja, katika mazungumzo ya jioni moja, aweza kusema walikimbia, walihama, waliondoka na walirudi, na kila kitenzi ni cha kweli kwa msikilizaji fulani. Ukimwuliza alijiona ameshurutishwa kwa daraja gani, jibu litategemea kitenzi kilichotumika katika swali, na pengine nani ameketi karibu.

Maana kule kujiona nako hakusimami mahali pamoja. Liisa Malkki, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alieleza habari za Wahutu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi wakaingia Tanzania. Waliowekwa katika makazi ya Mishamo walilishika jina la ukimbizi, wakaijenga upya historia ya kufukuzwa kwao. Waliokaa katika mji wa Kigoma walijichanganya na watu, na jina hilo wengi wao hawakulitaka. Damu iliyowakimbiza ilikuwa moja. Katika mwaka 2014 watu zaidi ya 162,000 wa kundi hilo la 1972 walipewa uraia wa Tanzania. Na mwenye kuwauliza kabla na baada ya hati zile asishangae akipata madaraja mawili. Hilo halikiharibu kipimo. Lataka tu kisidai kupima siku ya kuondoka, bali jinsi siku hiyo isimuliwavyo leo, mbele ya mtu fulani, na mtu aliyekwisha hojiwa mara nyingi na maofisa walioshika kalamu kama hiyo. Mkimbizi aliyejifunza kwamba jibu moja humpa chakula na jingine humrudisha mpakani hatayasahau mafunzo hayo kwa sababu mwulizaji amesema yeye ni wa chuo kikuu tu.

Yanayowezekana kufanywa si mengi, lakini yako karibu. Swali la kauli ya kutendeka na swali la kauli ya kutendwa yaulizwe yote mawili kwa watu wale wale, mpangilio ukibadilishwa, ili ijulikane yanaachana kwa kiasi gani. Mtenda aulizwe peke yake: palikuwa na mtu aliyekuamuru? Njia ziulizwe peke yake: ungalibaki, ingalikuwaje? Umbo hilo la -ngali- ni zuri kwa kazi hii, kwa kuwa huliacha jambo lisilotukia libaki halikutukia, na kumtaka mtu alitazame. Hatari ziulizwe kwa vipindi, nyumbani, njiani, na pale walipopokelewa, bila kutaja mpaka. Na masimulizi yatangulie madaraja, walau kwa dakika chache, ili ila ipate kusemwa.

Kwa sasa, tarakimu zilizopatikana kwa "nililazimishwa" zisipangwe katika safu moja na zile zilizopatikana kwa "nililazimika", hata kama karatasi zote mbili zina jina moja juu yake. Na mwenye kuzichapisha aonyeshe, karibu na tarakimu zake, sentensi ya Kiswahili iliyoulizwa, herufi kwa herufi, si tafsiri yake.